Lori Si Kipimo: Hesabu ya Kokoto za Uani

Maneno ya mazungumzo kwa wenye nyumba wa Thika na Ruiru



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo, nalo ni kokoto za kutandaza uani. Sisemi juu ya kokoto za kuchanganya na saruji. Hizo fundi wenu atawahesabia. Nasema juu ya zile ambazo mwenye nyumba huzinunua mwisho, nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa, rangi imekwisha kupakwa, mfuko umekwisha kupungua, na mvua ndefu ya mwezi wa Machi i karibu. Hapo hutazama ua wake, akaona vumbi ambalo kesho litakuwa matope tangu langoni hata mlangoni, akampigia simu mwenye lori. Mwenye lori humwuliza, "Wataka malori mangapi?" Naye, kwa kuwa hakupima kitu, hujibu, "Lete mawili."

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Mtu aliyejibu hivyo huenda akaletewa kokoto za kutosha, au pungufu, au karibu mara mbili ya zile anazohitaji. Na katika hali zote tatu hatajua, maana hana cha kulinganisha nacho. Fedha zenyewe ni zile zile ambazo zingelipa karo au zingenunua tangi la maji.

Twajua jinsi mambo yalivyobadilika huku kwetu. Tangu barabara kuu ya kutoka Nairobi mpaka Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa mwezi wa Novemba 2012, mashamba mengi ya Ruiru na Juja yaliyokuwa ya kahawa na mkonge yamekatwa viwanja, na watu wengi wamejenga. Kiwanja kinachouzwa sana ni kile cha futi 50 kwa 100. Mwenye nacho aghalabu si mkandarasi wala mhandisi, bali ni mwalimu, au mwuza duka, au mama aliyeweka akiba katika chama kwa miaka mingi. Watu wa namna hiyo ndio ninaosema nao leo, na hesabu nitakayoitumia haizidi ile iliyofundishwa shule ya msingi.

Kabla ya hesabu, neno moja juu ya mawe yenyewe. Mawe ya sehemu hii yalizaliwa na volkano za zamani sana, lakini hayakuzaliwa sawasawa. Yako mawe laini, kama yale ya Ndarugu, yanayokatwa kwa misumeno ya mashine machimboni na kujengewa kuta kote Thika, Juja, Ruiru na hata Nairobi. Na yako mawe magumu ya rangi ya kijivu iliyokoza, ambayo hupasuliwa kwa baruti na kuvunjwavunjwa kwa mashine mpaka yawe kokoto, zile ambazo mafundi wengi huziita balasti. Ukizitaka za kutandaza juu, chagua za jiwe gumu. Vipande vya jiwe laini vyafaa kujazia chini. Vikiwekwa juu, magurudumu na mvua huvisaga, na baada ya misimu michache umerudi katika matope yale yale uliyoyakimbia, ila sasa yana rangi nyingine.

Kokoto za kawaida ni za nusu inchi na za robo tatu ya inchi. Kwa njia ya miguu, ambapo bibi mzee na watoto watapita, za nusu inchi ni nzuri zaidi. Kwa njia ya gari, za robo tatu. Mawe ya mviringo ya mtoni hupendeza macho, lakini hayafai chini ya gurudumu, kwa sababu hayana kona za kushikana. Kila gari likipita huviringika na kukimbilia kando.

Basi, tuje kwenye vipimo. Kokoto zikitandazwa zina urefu, zina upana, na zina unene. Ukizidisha vitatu hivyo, vyote vikiwa kwa mita, wapata mita za ujazo. Hiyo ndiyo hesabu yote. Mengine nitakayoyasema ni kueleza jinsi watu wanavyoiharibu.

Kwanza kabisa huiharibu kwa kuchanganya vipimo. Sisi wa Kenya twaishi katika nyumba mbili: kiwanja twakinunua kwa futi, mbao twazitaja kwa inchi, na kokoto twauziwa kwa tani. Mtu apima urefu kwa futi, unene kwa sentimita, kisha azidisha vyote pamoja na kupata nambari isiyo na maana yoyote. Shika kipimo kimoja. Kama utepe wako ni wa futi, zidisha kila futi kwa 0.305, upate mita. Inchi 2 ni karibu sentimita 5.

Palipo na hatari kubwa zaidi ni kwenye nukta. Sentimita 5 ni mita 0.05. Wengi huandika 0.5, kwa kuwa wameiona tarakimu 5 wakadhani yatosha. Angalia tofauti yake. Njia ya gari yenye mita 36 za mraba, kwa unene wa mita 0.05, yataka mita 1.8 za ujazo. Ukiandika 0.5, wapata mita 18 za ujazo, yaani zaidi ya tani 26 za mawe mahali palipohitaji chini ya tani 3. Nukta moja imemlimbikizia mtu mlima mbele ya mlango wake. Kwa hiyo, kila ukimaliza hesabu, jipime kwa kanuni hii: mita moja ya ujazo ikitandazwa kwa unene wa sentimita 5 hufunika mita 20 za mraba, ikitandazwa kwa sentimita 10 hufunika mita 10. Jibu lako likienda mbali na hapo, rudia.

Sasa, mita ya ujazo ina uzito gani? Swali hili ni lazima, maana wauzaji wengi hutaja tani. Jiwe gumu lenyewe, likiwa zima, lina uzito wa zaidi ya tani 2.5 kwa mita moja ya ujazo. Lakini kokoto si jiwe zima. Kati ya kokoto na kokoto mna nafasi. Ukitaka kuiona nafasi hiyo, chukua debe la lita 20, lijaze kokoto kavu mpaka ukingoni, kisha mimina maji ndani yake kwa chombo ulichokipima. Utashangaa jinsi debe "lililojaa" litakavyopokea lita 8 au zaidi kidogo za maji kabla ya kufurika. Ndiyo sababu mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa kadiri ya tani moja na nusu tu: mara nyingine 1.4, mara nyingine 1.6, kwa kadiri ya jiwe na ukubwa wa kokoto.

Debe hilo hilo laweza kuwa mizani yako. Mita moja ya ujazo ni madebe 50. Lipime debe moja la kokoto za machimbo unayotaka kununulia, kwenye mizani ya dukani au ya kiwanda cha kahawa, utoe uzito wa debe tupu, kisha zidisha kwa 50. Likipima kilo 30, basi mita ya ujazo ni kilo 1,500. Kazi hii ni ya robo saa, nami sijui kwa nini watu hawaifanyi, hali watu hao hao hawawezi kununua kilo mbili za viazi bila kuutazama mshale wa mizani.

Tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Tuseme mama mmoja wa Ruiru ana kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15.24 kwa 30.48, eneo lake ni mita 464 na nusu za mraba. Nyumba yake ni mita 10 kwa 8. Ataka njia ya gari kutoka langoni yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 3, mahali pa kugeuzia gari pa mita 6 kwa 5, na njia ya miguu yenye upana wa sentimita 90 kuizunguka nyumba.

Njia ya gari ni 12 mara 3, yaani mita 36 za mraba. Pa kugeuzia ni 30. Jumla 66. Hapo hapana shida.

Njia ya kuizunguka nyumba ndiyo yenye mtego. Mafundi wengi huchukua pande zote nne za nyumba, 10 na 8 na 10 na 8, wapate 36, wazidishe kwa 0.9, wapate mita 32.4. Wamesahau pembe nne. Njia hugeuka penye kila pembe, na kila pembe ina mraba wake wa sentimita 90 kwa 90, usiohesabiwa upande huu wala ule. Njia iliyo salama ni kupima mstatili mkubwa wa nje, 11.8 mara 9.8, ambao ni mita 115.64 za mraba, kisha kutoa nyumba yenyewe, 80. Wapata 35.64. Tofauti ni mita 3 na robo za mraba. Si kubwa, lakini ni kipande cha njia, nacho kitabaki udongo mtupu penye mfereji wa maji ya paa, mahali pabaya kuliko pote.

Kama ua wako hauna umbo la mstatili, usiogope. Piga mambo ardhini, funga kamba, ugawe ua katika mistatili na pembetatu. Pembetatu ni nusu ya urefu mara upana. Duara, kama lile la kuzunguka mparachichi, ni nusu ya upana wake mara nafsi yake, mara 3.14. Vipande vidogo vilivyopinda vikadirie kwa macho. Kosa la vipande hivyo halitamfilisi mtu.

Turudi kwa mama wetu. Juu ya njia ya gari ataweka kokoto za sentimita 5: 66 mara 0.05 ni mita 3.3 za ujazo. Kwa njia ya miguu, 35.64 mara 0.05 ni mita 1.78. Kila moja aiongezee sehemu moja ya kumi, kwa sababu kokoto hujipanga zikikanyagwa, nyingine huzama, nyingine hurushwa majanini na magurudumu. Wapata 3.63 na 1.96, jumla mita 5.59 za ujazo. Kwa uzito, mara moja na nusu, ni tani 8.4 hivi.

Na sasa lile neno "lori". Pima sanduku la lori, ndani, kwa utepe. Lori dogo lenye sanduku la urefu wa mita 3, upana 1.8 na kimo sentimita 50 hubeba mita 2.7 za ujazo, likijazwa sawa na ukingo. Tipa lenye sanduku la mita 3.5 kwa 2 kwa sentimita 70 hubeba mita 4.9. Mama wetu ahitaji 5.59. Malori madogo mawili yatamletea 5.4, atapungukiwa na madebe kama kumi. Matipa mawili yatamletea 9.8, naye atabakiwa na mita 4.2, zaidi ya tani 6 za mawe aliyoyalipia na asiyo na mahali pa kuyaweka. Wote wawili, aliyeleta madogo na aliyeleta makubwa, wameitikia neno lile lile: "Lete mawili." Wala hakuna aliyedanganya. Lori si kipimo, kama vile kikapu kisivyo kipimo mpaka uambiwe ukubwa wake.

Mpaka hapa nimesema juu ya tabaka la juu tu. Lakini kinachoamua gharama kuliko kitu kingine ni kile kilicho chini, nacho ni udongo.

Thika na Ruiru zimekaa mpakani. Upande wa magharibi, ardhi inakoinuka, ni nchi ya udongo mwekundu, ule uliolea kahawa. Na jina la Ruiru lajulikana katika nchi nyingi kwa sababu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Udongo huu hupitisha maji vizuri, na ukishindiliwa husimama imara. Upande wa mashariki, kuelekea nyanda za Juja na mto Athi, twakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao sisi sote twaujua kwa viatu vyetu. Wakati wa mvua hunywa maji ukavimba. Wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kuingia mkono. Kokoto zikimwagwa juu yake bila maandalizi, msimu wa kwanza zatumbukia, msimu wa pili hazionekani. Mwenye nyumba husema, "Kokoto zimeibwa." Hazikuibwa, zimemezwa.

Mtu wa Scotland aitwaye John Loudon McAdam, aliyezaliwa mwaka 1756, aliyaelewa mambo haya mapema. Alipopewa usimamizi wa barabara za Bristol huko Uingereza mwaka 1816, barabara nyingi zilikuwa zikijengwa kwa mawe makubwa mazito, kwa imani kwamba uzito wa mawe ndio utakaobeba magari. Yeye alisema sivyo. Mzigo hubebwa na ardhi iliyo chini, na ardhi hiyo yaweza kuubeba maadamu ni kavu. Kwa hiyo aliondoa maji kando, akatandaza mawe madogo yenye kona, yasiyozidi wakia 6 kila moja, ambayo ni kama gramu 170. Mawe hayo yalishikana yenyewe kwa kukanyagwa. Jambo alilolisema kwa barabara za magari ya farasi ni kweli kwa njia ya gari la mama wetu wa Ruiru.

Basi, kwenye udongo mwekundu, chimba kidogo, ondoa majani na udongo wa juu, shindilia, kisha weka tabaka la mawe makubwa ya kushindilia, yale mafundi wayaitayo hadikoo, au maramu nzuri, unene wa sentimita 15. Kwa njia ya gari ya mama wetu, 66 mara 0.15 ni mita 9.9 za ujazo zikiwa zimekwisha kushindiliwa. Mawe haya hupungua sana chini ya rola, kwa hiyo ongeza robo: mita 12.4, kadiri ya tani 19. Njia ya miguu haihitaji tabaka hilo. Kushindilia udongo vizuri kwatosha.

Kwenye udongo mweusi, chimba sentimita 30 kwa uchache. Hesabu ya mawe yawa 66 mara 0.30, ambayo ni mita 19.8, na ukiongeza robo yakaribia 25. Mara mbili! Ua uleule, nyumba ileile, tofauti ni rangi ya udongo tu. Tena kumbuka udongo unaouchimba: mita hizo 19.8 zikifukuliwa huvimba na kuwa nyingi zaidi, nazo zataka lori la kuzichukua na mahali halali pa kumwagwa. Kabla ya kujaza mawe, tandaza kile kitambaa kigumu cha plastiki kinachopitisha maji na kuzuia udongo kupanda. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wanakijua. Kina gharama, lakini ni ghali zaidi kununua kokoto zile zile mara ya pili. Na kama fedha hazitoshi kwa yote, ushauri wangu ni kufanya chini kwanza mwaka huu, kokoto za juu zingoje. Njia ya mawe yaliyoshindiliwa ni mbaya kwa macho lakini yapitika. Kokoto nzuri juu ya tope ni fedha zilizotupwa.

Wako wanaotaka kuufunika ua mzima ili wasione udongo tena. Na tuwahesabie. Kiwanja cha mama wetu, ukitoa nyumba, chabaki na mita 384 na nusu za mraba. Kwa sentimita 5 na ile sehemu ya kumi, ni zaidi ya mita 21 za ujazo, karibu tani 32. Karibu mara nne ya zile 8.4. Hukumu ni yake mwenye ua, lakini mimi naona ni hasara kuuzika udongo mwekundu uliozoea kuotesha sukuma wiki na migomba, ili kupata uwanja wa mawe unaochoma macho saa sita mchana.

Mawe hayafuti maji; huyaelekeza tu. Mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita 80 za mraba ni lita 2,400, nazo lazima ziende mahali. Njia ipewe mteremko wa sehemu moja katika hamsini: kwa mita 12 ni sentimita 24, uzipime kwa kamba na pima maji. Mteremko uelekee mfereji au shimo la maji, usielekee ua wa jirani. Magomvi mengi ya ukuta mmoja huanza hivyo. Na kando ya njia pangwe mawe ya kingo. Yasipokuwapo, ile sehemu moja ya kumi uliyoiongeza itakimbilia majanini mwaka wa kwanza.

Sasa siku ya kuletewa. Patana kabla, kwa mita za ujazo au kwa tani, na patana pia kipimo kitatazamwa wapi. Hili la mwisho watu hulisahau, kisha hukosana na dereva bure. Kokoto zilizojaa ukingoni machimboni hutikiswa njiani na kushuka. Zikifika Ruiru zaonekana pungufu, ingawa hakuna hata moja iliyoanguka. Kama mmepatana kipimo cha machimboni, asilaumiwe dereva. Kama mmepatana cha nyumbani, pima kabla hajainua sanduku. Lundo lenye kilele katikati lisikudanganye, maana pembe zaweza kuwa tupu. Sawazisha kwa reki ndipo upime kimo, mahali patatu au panne. Wala usimshurutishe dereva ajaze kupita ukingo. Lori lililozidishwa uzito huharibu barabara, na dereva ndiye atakayejibu penye mizani.

Kama wanunua kwa tani, omba karatasi ya mizani ya magari, yenye uzito wa lori tupu na uzito wa lori lenye mzigo. Mawe yaliyonyeshewa huwa mazito zaidi, hasa yakiwa na vumbi jingi, na maji hayo wayalipia kwa bei ya mawe. Hapo ndipo kipimo cha ujazo humfaa mnunuzi kuliko tani. Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, nayo yakataza kumpunja mnunuzi kipimo. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu asiyejua alinunua kiasi gani. Na fedha za simu zisitumwe zote kabla lori halijaonekana langoni.

Chagua mapema pa kumwagia. Lundo lililomwagwa juu ya udongo laini hupoteza tabaka lake la chini. Lundo lenye upana wa mita 3, likipoteza sentimita 3 tu za chini, limepoteza mita 0.2 za ujazo, yaani kilo 300. Mwaga juu ya mawe yaliyokwisha kushindiliwa, au tandika turubai kuukuu. Wilibaro la kawaida hubeba kama lita 60, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni safari 16 au 17. Mama wetu ana safari kama 93. Ajue hivyo anapopatana na vijana wa kazi, nao wajue. Wanapotandaza, wanyunyizie maji kidogo na kufunika pua, kwa maana vumbi la mawe likivutwa siku nyingi huharibu mapafu.

Baada ya mvua ya kwanza nzito, tembea juu ya njia uone palipobonyea, uandike. Usijaze siku hiyo hiyo; ngoja pakauke, pashindiliwe, ndipo pajazwe. Kwa ajili hiyo weka madebe kama kumi kando, chini ya mti, mahali ambapo watoto hawatayafanya mawe ya kombeo.

Nimemaliza yangu. Naona baadhi yenu mmekuja na karatasi zenye michoro ya viwanja vyenu. Aliye na vipimo na avisome kwa sauti, aseme kwanza udongo wake ni wa rangi gani, nasi tutapiga hesabu pamoja.